Fahamu Saratani ya Utando wa Mapafu na Hatari ya Mapaa ya Zamani ya Asbesto

Mzee wa miaka 67 anafika kwenye zahanati akilalamika kwamba anaishiwa na pumzi anapopanda kilima kidogo cha kuelekea nyumbani kwake. Upande wa kulia wa kifua unamuuma, hasa anapovuta hewa. Amekonda, na kikohozi kikavu hakimwachi. Hajawahi kuvuta sigara. Anatumwa hospitalini kupigwa picha ya eksirei, nayo inaonyesha maji mengi yaliyokusanyika kando ya pafu. Maji yanatolewa, mzee anapata nafuu, kisha anaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Baada ya wiki chache maji yamerudi.

Huu ni mfano tu, lakini mambo kama haya yanaweza kutokea katika hospitali yoyote. Katika mfano huu kuna swali moja ambalo mzee hakuulizwa: "Mzee, ulipokuwa kijana ulikuwa ukifanya kazi gani?" Kama angeulizwa, angejibu kwamba miaka 40 iliyopita alikuwa fundi wa kuezeka nyumba, na kwamba kila siku alikata kwa msumeno yale mabati mazito ya kijivu yanayoitwa asbesto. Jibu hilo lingemfanya daktari afikirie ugonjwa mwingine mapema: saratani ya utando wa mapafu.

Ugonjwa huu si wa kawaida. Hata hivyo, mkazi ana sababu mbili za kuufahamu. Kwanza, karibu wote wanaougua waliupata kwa kuvuta vumbi ambalo lingeweza kuepukwa. Pili, vumbi hilo bado linaweza kutoka leo kwenye mapaa ya zamani ambayo yamesimama mpaka sasa.

UTANDO WA MAPAFU NI NINI?

Kila pafu limefunikwa na utando laini na mwembamba wenye tabaka mbili. Tabaka la ndani limeshikamana na pafu lenyewe. Tabaka la nje limeshikamana na ukuta wa kifua, upande wa ndani wa mbavu. Katikati ya tabaka hizo kuna majimaji kidogo sana, kiasi cha vijiko vichache vya chai. Kazi ya majimaji hayo ni kulainisha, ili pafu lijae na kupungua bila kukwaruzana na mbavu. Viganja viwili vilivyopakwa mafuta huteleza kwa urahisi. Ndivyo tabaka hizo zinavyoteleza kila mtu anapopumua.

Saratani inayoanza katika chembechembe za utando huu huitwa mesothelioma. Haifanani na saratani ya mapafu, ambayo huanza ndani ya pafu lenyewe. Utando wa aina hiyo upo pia tumboni na kuuzunguka moyo, na mesothelioma inaweza kutokea huko, lakini mara nyingi zaidi huanza kwenye mapafu.

Ni vyema kutofautisha jambo moja. Saratani iliyoanzia mahali pengine, kwa mfano kwenye titi au ndani ya pafu, inaweza kuenea hadi kwenye utando huu. Hiyo hubaki kuwa saratani ya titi au ya pafu iliyosambaa, na matibabu yake ni tofauti. Ndiyo maana daktari hutaka kujua saratani ilianzia wapi kabla ya kuchagua dawa.

Kadiri uvimbe unavyokua, utando hunenepa na kukaza. Maji hujaa katikati ya tabaka zake na kulibana pafu. Mgonjwa huhisi kana kwamba kifua kimefungwa kamba, na hawezi kuvuta hewa ya kutosha.

ASBESTO HUFANYA NINI MWILINI?

Asbesto ni madini yanayochimbwa ardhini. Tofauti na mawe mengine, asbesto huchambuka ikawa nyuzi, kama pamba au katani. Nyuzi hizo haziungui kwa moto, haziozi, na zamani zilikuwa za bei nafuu. Kwa sababu hiyo zilichanganywa na saruji kutengeneza mabati ya kuezekea, mbao za dari na mabomba ya maji. Zilitumiwa pia kufunika mabomba ya moto na mitambo ya mvuke, na kutengeneza breki na klachi za magari. Ingawa watu wengi huziita mabati, shiti hizo za kuezekea hazina chuma. Ni saruji iliyoshikiliwa na nyuzi za asbesto.

Kuna asbesto ya buluu, ya kahawia na nyeupe. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, umetangaza kwamba aina zote husababisha saratani kwa binadamu. Hakuna rangi iliyo salama.

Shiti inapokatwa, kutobolewa, kupigwa nyundo au kuvunjwa, hutoa vumbi. Ndani ya vumbi hilo kuna nyuzi ndogo mno ambazo jicho haliwezi kuziona. Hazina harufu, haziwashi pua, na zinaweza kuelea hewani kwa saa nyingi. Mtu akizivuta, nyingine hunaswa puani na kooni, lakini zile nyembamba zaidi huingia ndani kabisa ya mapafu na kufika kwenye utando. Mwili hauwezi kuziyeyusha wala kuzitoa zote. Zinabaki hapo zikiuchokoza utando mwaka baada ya mwaka, mpaka chembechembe nyingine zinaharibika na kuanza kukua bila mpango.

Jambo hilo huchukua muda mrefu. Kwa kawaida kati ya miaka 20 na 50 hupita tangu mtu alipoanza kuvuta vumbi hadi dalili zinapoonekana, na wengi huugua baada ya miaka 30 hadi 40. Fundi aliyekuwa na miaka 25 mwaka wa 1985 alifika miaka 65 mwaka wa 2025. Huenda alishaacha kazi hiyo zamani, akarudi shambani, na hata kusahau kwamba aliwahi kugusa asbesto. Lakini nyuzi bado zimo mwilini.

Je, sigara husababisha ugonjwa huu? Hapana. Sigara haisababishi mesothelioma. Hata hivyo, mtu aliyevuta vumbi la asbesto na anayevuta sigara pia ana hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya mapafu kuliko mtu aliyekumbana na kimoja tu kati ya hivyo viwili. Aliyewahi kufanya kazi na asbesto ana sababu kubwa zaidi ya kuacha sigara.

Wapo wagonjwa wachache ambao chanzo chao si asbesto. Katika baadhi ya vijiji vya Uturuki, kikiwemo Karain, watu waliugua kwa sababu ya madini mengine yenye nyuzi yaliyomo kwenye mawe waliyojengea nyumba. Wengine waliwahi kutibiwa kifua kwa mionzi, na wengine wamerithi hitilafu katika familia. Lakini kwa wengi, chanzo ni asbesto.

FUNZO KUTOKA AFRIKA KUSINI

Uhusiano kati ya asbesto na saratani hii ulithibitishwa hapa barani Afrika. Katika miaka ya 1950, daktari C. A. Sleggs alikuwa akisimamia hospitali ya kifua kikuu mjini Kimberley, Afrika Kusini. Aliona jambo lililomshangaza. Wagonjwa wenye maji kwenye utando wa mapafu waliotoka upande wa mashariki walipona kwa dawa za kifua kikuu. Waliotoka upande wa magharibi, kwenye vilima vilivyochimbwa asbesto ya buluu, wengine hawakupata nafuu yoyote.

Sleggs alishirikiana na mpasuaji wa kifua Paul Marchand na mtaalamu wa uchunguzi wa maiti na vipande vya nyama, J. C. Wagner. Walichunguza utando wa wagonjwa hao katika maabara, wakakuta si kifua kikuu bali mesothelioma. Kisha wakafanya kazi ambayo haikuhitaji mtambo wowote: waliwauliza wagonjwa na jamaa zao walikoishi na kazi walizofanya tangu utotoni.

Mwaka wa 1960 walichapisha habari za wagonjwa 33. Isipokuwa mmoja, wote walikuwa na uhusiano na asbesto. Kilichowashtua wengi ni kwamba si wote waliokuwa wachimbaji. Baadhi yao walikuwa wameishi tu karibu na migodi walipokuwa watoto, mahali ambapo vumbi lilitanda njiani na watoto walicheza kwenye marundo ya mabaki ya mgodi.

Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1965, Muriel Newhouse na Hilda Thompson walichapisha uchunguzi wao wa wagonjwa wa London, Uingereza. Miongoni mwa wagonjwa hao walikuwemo wanawake ambao hawakuwahi kuingia kiwandani. Walichofanya ni kufua nguo za kazi za waume zao zilizojaa vumbi la asbesto. Wengine waliishi tu jirani na kiwanda.

Mafunzo mawili yalitokana na uchunguzi huo, na yote yanawahusu wakazi wa kaunti leo. La kwanza, vumbi hili halibaki kwa fundi peke yake. Humfuata nyumbani kwenye nguo, nywele na viatu. La pili, si kila maji yaliyo kifuani ni kifua kikuu, na maswali kuhusu maisha ya mgonjwa yanaweza kuonyesha njia ambayo dawa zimeshindwa kuionyesha.

ASBESTO IKO WAPI KWETU?

Nchini Kenya asbesto ilipigwa marufuku mwaka wa 2006, na kanuni za usimamizi wa taka za mwaka huo zinaiweka katika orodha ya taka hatari. Mwaka wa 2013 Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ilitoa mwongozo wa jinsi ya kuiondoa na kuitupa kwa usalama. Lakini marufuku hayakuondoa mapaa yaliyokuwapo. Bado yapo kwenye baadhi ya nyumba za zamani za watumishi wa serikali, nyumba za reli, shule, vituo vya afya, maghala na nyumba za watu binafsi zilizojengwa kabla ya mwaka huo.

Paa la asbesto lina alama zake. Kwa kawaida ni la kijivu, lenye mawimbi, nene kuliko bati la chuma, na baada ya miaka mingi huota ukungu mweusi au wa kijani. Likigongwa halilii kama bati. Likivunjika hupasuka kama chungu, na pembezoni mwa ufa huonekana nyuzi. Zipo shiti za saruji za kisasa zinazofanana nalo ambazo hazina asbesto, na maabara ndiyo inayoweza kuthibitisha. Kwa jengo la zamani, njia salama ni kulichukulia kuwa ni asbesto mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mkazi asivunje kipande ili kujihakikishia.

Kundi lingine linalopaswa kuwa makini ni mafundi wa magari. Breki na klachi za magari ya zamani zilikuwa na asbesto. Kupuliza vumbi la breki kwa mdomo au kwa hewa ya kompresa hulitawanya gereji nzima. Ni bora kulifuta kwa kitambaa chenye maji, kisha kukifunga kitambaa hicho kwenye mfuko wa plastiki na kukitupa.

DALILI ZA KUANGALIA

Dalili za saratani hii huja polepole, na nyingi hufanana na za magonjwa ya kawaida:

• Kuishiwa na pumzi, kwanza wakati wa kazi au kupanda kilima, baadaye hata mtu akiwa ameketi.
• Maumivu ya kifua, bega au mbavu, mara nyingi upande mmoja.
• Kikohozi kikavu kisichoisha.
• Kukonda na kukosa hamu ya chakula.
• Uchovu mwingi, na wakati mwingine kutokwa na jasho usiku.
• Maji kujaa kando ya pafu, na kurudi baada ya kutolewa.

Kuwa na dalili hizi hakumaanishi kwamba mtu ana saratani. Hapa nchini, kifua kikuu ni sababu kubwa ya maji kando ya mapafu. Homa ya mapafu na ugonjwa wa moyo pia huleta maji. Kwa hiyo mkazi mwenye kikohozi au pumzi fupi afike kituo cha afya bila kuchelewa na akubali kupimwa kifua kikuu. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, na aliyeanza dawa asiziache kwa sababu amesoma kuhusu saratani. Kinachotakiwa ni kurudi hospitalini haraka ikiwa maji yamerudi au hali haibadiliki licha ya dawa, na kumweleza daktari waziwazi kuhusu kazi za zamani.

JINSI UGONJWA UNAVYOTHIBITISHWA

Safari ya uchunguzi huanza kwenye zahanati au kituo cha afya, ambako mgonjwa husikilizwa na kupewa barua ya rufaa. Katika hospitali kubwa hupigwa picha ya eksirei na ultrasaundi ya kifua. Daktari anaweza kuingiza sindano katikati ya mbavu, baada ya kuganzisha ngozi, na kutoa maji yanayopelekwa maabara. Picha ya CT huonyesha kama utando umenenepa na kwa kiasi gani.

Mara nyingi maji peke yake hayatoshi kuonyesha mesothelioma. Majibu ya maji yanaweza kusema hakuna saratani ilhali ipo. Njia ya uhakika zaidi ni kuchukua vipande vidogo vya utando wenyewe, ama kwa sindano inayoongozwa na picha, ama kwa kuingiza kamera ndogo kifuani kupitia tundu dogo. Mtaalamu wa maabara huvichunguza vipande hivyo kwa hadubini na kwa dawa maalumu za rangi.

Wapo watu wanaoogopa kukatwa kipande wakiamini kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa haraka. Hofu hiyo imewachelewesha wengi. Bila kipande hicho daktari hawezi kujua ni saratani gani, na mgonjwa anaweza kupewa tiba isiyomfaa.

MATIBABU NA HUDUMA

Ukweli ni kwamba mesothelioma ni ugonjwa mgumu kutibu. Wagonjwa wengi hugunduliwa ukiwa umeenea, na wengi huishi mwaka mmoja hivi, au zaidi kidogo, baada ya kugunduliwa, ingawa wapo wanaoishi miaka kadhaa. Hata hivyo, yapo mengi yanayoweza kufanywa.

Dawa za kemo hutumiwa kupunguza kasi ya uvimbe. Kwa kawaida dawa iitwayo pemetrexed huunganishwa na cisplatin au carboplatin, na mgonjwa hupewa pia vitamini ya foliki na B12 ili kupunguza madhara. Tangu 2020 zipo pia dawa za kuamsha kinga ya mwili, nivolumab na ipilimumab, zilizoidhinishwa katika nchi kadhaa kwa ugonjwa huu. Gharama yake ni kubwa sana. Upasuaji huwafaa wagonjwa wachache tu. Tiba ya mionzi husaidia kupunguza maumivu mahali uvimbe unapobana.

Maji yanayorudi mara kwa mara yanaweza kuzuiwa. Daktari huyatoa, kisha huweka unga maalumu wa talki kati ya tabaka mbili za utando ili zishikamane na maji yakose nafasi. Njia nyingine ni kumwekea mgonjwa mrija mdogo unaobaki kifuani, ili maji yatolewe hata akiwa nyumbani. Mgonjwa aliyeshindwa kulala kitandani kwa kukosa pumzi anaweza kulala tena usiku kucha.

Tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na kumsaidia mgonjwa na jamaa zake, haingoji siku za mwisho. Inafaa kuanza mara ugonjwa unapothibitishwa, sambamba na dawa nyingine. Mofini ya kunywa hutuliza maumivu na pia hupunguza hisia ya kukosa hewa. Ikitolewa kwa maelekezo ya daktari, haimgeuzi mgonjwa kuwa mraibu wala haiharakishi kifo.

Matibabu ya saratani yanapatikana katika hospitali za rufaa za kitaifa, zikiwemo Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, pamoja na baadhi ya hospitali za kaunti. Familia inashauriwa kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na kulipa michango kabla ya kuugua, kisha kuuliza hospitalini ni huduma zipi za saratani zinazogharamiwa na kwa kiasi gani.

MWENYE PAA LA ASBESTO AFANYE NINI?

Paa ambalo ni zima, halijapasuka na halichokozwi hutoa nyuzi chache. Hatari kubwa huja linapokatwa, kukwaruzwa au kubomolewa. Kwa hiyo mwenye nyumba asikimbilie kupanda juu na kuling'oa. Anashauriwa hivi:

1. Asikate, asitoboe, asipige msasa wala asisugue paa hilo kwa brashi ya waya. Asitembee juu yake. Shiti za zamani huvunjika ghafla, na wengi wameumia kwa kuanguka.

2. Aangalie mara kwa mara kama kuna nyufa au vipande vinavyodondoka. Watoto wasichezee vipande vilivyoanguka.

3. Akitaka kuliondoa, awasiliane kwanza na ofisi ya NEMA katika kaunti au afisa wa afya ya umma wa wadi ili aelekezwe kwa mwanakandarasi aliyeidhinishwa. Taka za asbesto husafirishwa na mwenye leseni, na hufukiwa mahali palipokubaliwa.

4. Wakati wa kuondoa, shiti hulowanishwa maji, hufunguliwa nzima nzima bila kuvunjwa, hushushwa polepole badala ya kutupwa chini, kisha hufungwa kwa plastiki nene na kuwekwa alama ya hatari. Wafanyakazi huvaa mavazi ya kutumia mara moja na barakoa maalumu za kuchuja vumbi. Barakoa ya kitambaa au ile ya kawaida ya hospitali haizuii nyuzi hizi.

5. Majirani na watoto wakae mbali mpaka kazi iishe na mahali pasafishwe kwa maji. Vumbi lisifagiliwe likiwa kavu.

6. Shiti zilizotolewa zisiuzwe, zisigawiwe jirani, wala zisitumiwe kujengea banda la kuku, kuzungushia bafu au kuziba mashimo barabarani. Zisichomwe moto, asbesto haiungui, na shiti zikipata moto zinaweza kupasuka na kurusha vipande.

Fundi aliyefanya kazi penye vumbi la asbesto asirudi nyumbani na nguo za kazi. Asizitikise na asimpe mwenziwe azifue. Mtu asipokubali kufanya kazi ya kubomoa paa la asbesto bila vifaa vya kujikinga, hajakosa adabu. Analinda afya yake ya miaka 30 ijayo.

HAKI YA MFANYAKAZI

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake, na hiyo ni pamoja na kuwapa vifaa vya kujikinga. Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka huohuo, maarufu kama WIBA, inahusu pia magonjwa yanayotokana na kazi, si ajali peke yake. Mgonjwa anayeamini aliugua kutokana na kazi aulize ushauri mapema katika ofisi ya Usalama na Afya Kazini iliyo karibu naye. Barua za zamani za ajira, hati za mshahara, kadi ya NSSF na majina ya wenzake wa kazini humsaidia kuonyesha alifanya kazi wapi na lini.

MASWALI AMBAYO WAKAZI HUULIZA

Je, ugonjwa huu unaambukiza? Hapana. Mtu hawezi kuupata kwa kula, kulala chumba kimoja au kumuuguza mgonjwa. Mgonjwa asitengwe.

Nilisoma katika shule yenye paa la asbesto. Nitaugua? Hatari huongezeka kadiri mtu anavyovuta vumbi jingi na kwa muda mrefu. Kukaa chini ya paa zima hakulingani na kukata asbesto kila siku. Watu wengi waliowahi kuwa karibu na asbesto hawapati saratani hii. Hata hivyo, hakuna kiwango cha vumbi kinachojulikana kuwa salama kabisa, ndiyo sababu ya kuliepuka.

Je, maji ya mvua kutoka paa la asbesto yanafaa kunywewa? Hatari iliyothibitishwa ni ya kuvuta nyuzi kwa njia ya hewa. Shirika la Afya Duniani halijapata ushahidi thabiti kwamba nyuzi zilizomo kwenye maji ya kunywa huleta ugonjwa. Tahadhari kubwa iwe wakati wa kusafisha mifereji na tangi: matope yatolewe yakiwa yamelowa, yasiachwe yakakauka na kupeperuka. Paa lililochakaa sana lisitumiwe kuvuna maji.

Kuna kipimo cha kujua mapema kabla ya dalili? Hakuna kipimo kilichothibitishwa kuwafaa watu wote. Aliyefanya kazi na asbesto amweleze daktari kila anapotibiwa, na asipuuze pumzi fupi au maumivu ya kifua yanayodumu zaidi ya wiki mbili au tatu.

KAZI NDOGO YA WIKI HII

Katika nyumba nyingi kuna mzee aliyewahi kuwa fundi wa kuezeka, mfanyakazi wa reli, wa bandari, wa kiwanda, fundi bomba au makanika. Wiki hii, kijana wa nyumba hiyo aketi naye na amuulize: "Baba, ulifanya kazi wapi? Mlikuwa mkitumia asbesto? Kwa miaka mingapi?" Mama naye aulizwe kama aliwahi kufua nguo zilizojaa vumbi hilo.

Majibu yaandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la hospitali la mzee: kazi, mahali na miaka. Siku atakapofika kliniki akiwa na kikohozi au maji kifuani, huenda akawa hana pumzi ya kueleza mengi. Daktari akifungua daftari, atakuta jibu la swali ambalo pengine hangelifikiria.